Kopo Lenye Jina Langu

Nilipoingia kwa mara ya kwanza katika duka la Gwakisa, mwaka 1984, sikuwa na pasi ya kuunganishia waya. Nilitumia msumari wa inchi sita niliouchoma kwenye jiko la mkaa. Sikuwa na mita ya kupimia umeme. Sikuwa na cheti cha sekondari, wala sikuwa nimekaa darasani mchana tangu nimalize darasa la saba. Sikuwa na mtu wa kumwuliza. Sikuwa na mke, sikuwa na saa, sikuwa na koti, na mwezi Juni baridi ya Mbeya haimwulizi mtu ametoka wapi. Nilikuwa na redio moja iliyonyamaza, kitabu kimoja cha elektroniki kisicho na jalada, na masomo ya jioni siku nne kwa wiki. Maneno pia nilikuwa nayo. Hayo sijawahi kuyakosa.

Nilikuwa karani wa stoo katika kampuni moja ya mbao, kijana wa Kihehe kutoka Iringa, nimepanga chumba eneo la Soweto, hapohapo Mbeya. Duka lilikuwa mtaa wa pili kutoka kwangu. Lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, hatua nne kwa tano, na nyuma ya kaunta palikuwa na rafu hadi darini zilizojaa makopo: ya maziwa ya unga, ya kahawa, ya mafuta ya kupikia, ya rangi. Nje hapakuwa na kibao. Aliyehitaji transista aliambiwa aulize kwa Gwakisa, na asiyehitaji hakuwa na sababu ya kupajua.

"Naomba risista," nilimwambia, nikataja namba yake kwa Kiingereza, kama nilivyoisoma kitabuni.

"Unatengeneza nini?" aliuliza. Alikuwa Mnyakyusa mnene kidogo, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, na miwani yake ilifungwa kwa waya wa shaba.

"Nimekuomba risista."

"Nimesikia. Unatengeneza nini?"

Nilidhani nitamweleza kwa dakika mbili. Aliniweka saa moja na nusu. Alinifanya nikaichukue redio chumbani, akaifungua juu ya kaunta, akainusa kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamechacha. Kisha akanionyesha kwamba risista niliyoitaka ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kapasita, ilikuwa imevimba kichwani. Akakataa kabisa kuniuzia risista.

"Nikikuuzia usichokihitaji utarudi kunitukana," alisema. "Na wewe unaonekana mtu wa kutukana kwa Kiswahili kirefu."

Watu wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi walicheka. Tangu siku hiyo jina langu dukani likawa Msomi.

Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hajawahi kupenda vitu hivi kwa nini duka kama lile linamshika mtu. Mke wangu Kalista, miaka yote arobaini ya ndoa, hajalielewa. Siku hizi ukitaka kifaa unaandika namba kwenye simu, na baada ya siku tatu kinafika kutoka Dar kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na hakuna aliyekuuliza unatengeneza nini. Kwa Gwakisa usingeweza kununua bila kuulizwa. Ukishaulizwa, watu wa kwenye benchi nao waliingilia, maana kila mmoja alikuwa na jambo lake nyumbani lililomsumbua. Palikuwa na mwinjilisti aliyejitengenezea kipaza sauti cha kubeba begani. Palikuwa na Bertha, fundi cherehani, aliyetaka mashine ya kutotolesha vifaranga ijizime yenyewe joto likizidi. Alikuja mwaka mzima, na mashine ilipofanya kazi alituletea kifaranga mmoja ndani ya kofia ili tumwone kwa macho yetu. Mimi nilikuwa natengeneza vikuza sauti. Hatukuwa mafundi wa kula kwa kazi hiyo. Tulikuwa watu tusioweza kulala kitu kikituuliza swali.

Na Gwakisa alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Mteja akishakuja mara tatu, alipewa kopo. Jina lake liliandikwa juu yake kwa rangi nyeupe, kopo likapandishwa rafuni. Gwakisa alikuwa akinunua redio mbovu kutoka Tunduma hadi Tukuyu, anazivua vipuri kimoja kimoja, anavipima, na kila alipokutana na kipande akijua nani atakihitaji, alikidondosha katika kopo la mtu huyo. Hukuagiza. Pengine hukujua kwamba utakihitaji. Ukiingia baada ya miezi miwili, kabla hujaketi, anasema, "Msomi, kopo lako limenenepa."

Kila transista aliifunga kwa kipande cha karatasi alichochana katika madaftari ya zamani ya binti yake, Sekela. Upande mmoja wa karatasi ulikuwa na hesabu za mtoto na vema vya mwalimu kwa wino mwekundu. Upande wa pili Gwakisa alichora miguu mitatu ya transista, na chini ya kila mguu akaandika jina lake: emita, beisi, kolekta. Alifanya hivyo kwa sababu miguu haipangwi sawa. Ya Ulaya ina mpangilio wake, ya Kijapani ina wake, na ukikosea unachoma kila kitu. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne.

Miaka ya mwanzo nilizisoma karatasi zote. Baadaye nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu, na Fizikia nikapata alama nzuri kuliko vijana waliosoma mchana. Kuanzia hapo nikawa nazifungua karatasi za Gwakisa kama mtu anavyomenya pipi.

Nilistaafu mwaka 2012, nikarudi Iringa na Kalista, tukajenga Kihesa. Iringa kuna maduka ya spea, lakini kila baada ya miezi miwili nilipanda basi la alfajiri kwenda Mbeya.

"Saa sita ndani ya basi kufuata vitu vinavyoenea kiganjani," Kalista alikuwa akisema. "Nikisikia huko Soweto una mtoto sitashangaa."

"Nina kopo," nilimjibu.

Mwaka 2016 paroko wetu alitimiza miaka ishirini na tano ya upadre. Kamati ilitaka kukodi vyombo vya muziki. Nilisimama kikaoni nikasema hakuna haja, nitatengeneza amplifaya ya kwaya kwa mikono yangu, na itabaki kuwa mali ya kanisa. Nilizungumza vizuri sana. Mwenyekiti alinipa mkono.

Nilikwenda kwa Gwakisa na orodha. Transista ndogo mbili, za kuziongoza zile kubwa, hakuwa nazo.

"Hizi zinafanya kazi ileile," alisema, akanifungia nyingine mbili. "Ila soma karatasi, Msomi."

"Nitasoma."

"Usiseme utasoma kama unavyomwambia mtoto. Soma."

Sikusoma. Kazi ilinichelewesha, na asubuhi ya sherehe ndipo nilipoziweka zile transista mbili, kwa haraka, kufuata kitabu changu ambacho kila siku kilikuwa kimesema kweli. Kitabu kilisema mguu wa katikati ni beisi. Sikuijaribu amplifaya nyumbani. Niliibeba kanisani ikiwa bado ina joto la risasi ya kuunganishia, nikaiunganisha mbele ya waumini waliojaa hadi nje, na wanakwaya wakiwa wamesimama kwa sare mpya nikabonyeza swichi.

Haikulia hata mara moja. Ilitoa moshi mweusi ulionuka, ukapanda hadi kwenye mataji ya maua, na paroko akakohoa. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama hiyo ndiyo ubani. Watu wakajizuia kucheka, na kule kujizuia kwao kuliniuma kuliko kama wangecheka.

Siku ya pili yake nilikuwa Mbeya. Benchi lilikuwa limejaa. Crispin, fundi wa redio wa mtaa wa juu, alikuwepo. Nilizitupa zile transista zilizoungua juu ya kaunta.

"Miaka thelathini na miwili nakuamini," nilisema. "Kumbe siku hizi unatuuzia feki."

Gwakisa alizitazama, hakuzigusa. "Uliisoma karatasi?"

"Mimi nimesoma kitabu, Gwakisa. Kitabu. Wewe endelea na karatasi zako za watoto." Nikawageukia waliokaa. "Ninyi mnaokula kwa kazi hii, angalieni mnanunua nini hapa. Mimi nimeaibishwa mbele ya altare ya Mungu."

Gwakisa alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Basi, Msomi," alisema. "Nenda salama."

Nilikwenda, na sikurudi.

Neno langu dukani pale lilikuwa na uzito, ndiyo maana nililisema. Nilisikia baadaye kwamba Crispin alianza kuagiza vifaa Dar. Mafundi wengine wakamfuata. Bertha tu ndiye aliyesema kwamba vifaranga wake hawajui habari za feki, akaendelea kwenda hadi alipofariki. Nilipokuwa naambiwa mambo haya kwenye simu, lazima nikiri, moyo wangu ulikuwa unatulia.

Mwaka 2021 nilikuwa nakifunga upya kile kitabu cha zamani, maana nyuzi zake zilikuwa zimeoza. Kati ya kurasa palikuwa na kipande cha karatasi nilichokuwa nimekiweka kama alama ya ukurasa asubuhi ile ya sherehe. Nilikuwa nimekiona mara nyingi: hesabu za kugawanya, vema vya wino mwekundu, mwandiko wa mtoto. Siku hiyo kilianguka chini kikageuka. Upande wa pili palikuwa na miguu mitatu. Chini ya mguu wa katikati hapakuandikwa beisi. Paliandikwa kolekta, na neno hilo lilipigiwa mistari miwili chini yake.

Nilikaa na karatasi ile mkononi hadi Kalista akaja kuniita mara ya tatu nikale. Nilimwambia sina njaa.

Msomaji anaweza kudhani nilipanda basi siku iliyofuata. Sikupanda. Nilikiweka kipande kile ndani ya kitabu tena, ukurasa uleule, nikakifunga kitabu vizuri kwa uzi mpya. Nilijiambia nitakwenda baada ya Pasaka. Kisha nikajiambia mvua zikate kwanza. Mtu aliyejipandisha mwenyewe ngazi kwa ngazi, bila mkono wa mtu, akishafika juu anaogopa kuinama hata kuokota kilicho chake. Miaka minne ilipita namna hiyo, na mimi nikijua.

Mwaka huu, mwezi wa tano, Crispin alinipigia.

"Mzee Kalinga, shikamoo. Umesikia ya Gwakisa?"

"Marahaba. Sijasikia."

"Alianguka mwezi wa pili. Kiharusi. Mtoto wake wa kiume amemchukua Madibira, kule kwenye mpunga. Mwenye nyumba anataka chumba chake, Sekela anatoa vitu hadi Ijumaa. Nikasema nikuambie, ingawa najua ninyi wawili..."

"Asante," nilisema. Nilitaka kusema na lile jingine. Nikakata simu.

Alhamisi nilikuwa Soweto. Mlango wa duka ulikuwa wazi, benchi limetolewa nje, limeegemezwa ukutani miguu juu. Ndani, Sekela alikuwa amejifunga kitenge kiunoni, anashusha makopo na kuyamwaga ndani ya magunia. Nilimfahamu akiwa mtoto wa madaftari. Sasa ni mwalimu, na nywele zake za mbele zina mvi. Sauti ya vipuri vikimwagika ilikuwa kama ya mahindi. Mnunuzi wa vyuma chakavu angevipima kwa kilo.

"Shikamoo, baba," alisema. Hakuacha kufanya kazi.

"Marahaba, mama. Poleni."

"Tumeshapoa."

Nilisimama upande wa wateja, mahali pangu. Kaunta ilikuwa na mabaka ya miaka mingi, na doa moja jeusi nililolifanya mimi kwa pasi ya moto mwaka 1990. Nilimwuliza hali ya baba yake.

"Upande wa kulia haupo. Kusema hawezi. Tunamwonyesha gazeti, anatazama, lakini hatujui anasoma kiasi gani." Alipangusa paji la uso. "Ila ukimpa kitu mkononi anakijua. Kaka yangu alimpa kijiko akakitupa. Akampa kapasita, akakaa nayo mchana mzima, anaisugua kwa kidole gumba."

"Nitakwenda kumwona," nilisema. "Kesho nitakwenda Madibira."

"Usiende."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayekwambia njia ina tope.

"Crispin alikwenda. Baba aligeukia ukutani hadi alipoondoka, kisha hakula siku mbili. Hataki watu wa dukani wamwone mdomo ulivyokwenda upande. Mnajijua ninyi wenyewe mlivyo na fahari, wazee wa hapa." Alishusha kopo jingine. "Ukiwa na neno, baba, andika. Nitamsomea mimi. Jumapili nakwenda huko na nitakaa naye likizo yote."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Unalo neno?"

"Ninalo," nilisema. Hapo ndipo ningelisema. Mlango ulikuwa wazi, jirani alikuwa anafagia nje, mtu aliyekuja kubeba magunia alikuwa amesimama hapo. Nikasema, "Ni refu kidogo."

Sekela alipanda kwenye kigoda, akafika rafu ya juu, pembeni, akashuka na kopo la maziwa ya unga. KALINGA, lilisema, kwa rangi nyeupe. Rangi ile haikuwa imepauka. Ilikuwa imepakwa upya.

"Hili sikulimwaga," alisema. "Alinikataza kabla hajaugua. Alisema Mhehe, ulanzi wake ukishamtoka kichwani, atarudi."

Lilikuwa zito. Miaka tisa sikuwa nimekanyaga pale, na kopo lilikuwa limejaa hadi kifuniko hakikufunga. Nilianza kutoa vifurushi kimoja kimoja. Kapasita nilizokuwa nikizitafuta mwaka 2015. Jozi ya transista kubwa, nzima, za aina ambayo haitengenezwi tena. Kila kimoja kilifungwa kwa karatasi, kila karatasi ina tarehe: 2017, 2018, 2020. Za mwisho zilikuwa za Januari mwaka huu, na mistari ya miguu ilikuwa inayumba kama imechorwa ndani ya gari.

Chini kabisa palikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa uzi. Ndani yake zilikuwemo zile mbili nilizozitupa juu ya kaunta, nyeusi, zimepasuka tumbo. Kwenye karatasi Gwakisa alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, alivyozoea: ZIMEPIMWA. BEISI NA KOLEKTA ZILIGEUZWA. ASIAMBIWE MBELE YA WATU.

Nilisoma mara mbili. Sekela alikuwa ameacha kumwaga makopo.

"Wewe ulijua?" nilimwuliza.

"Nilikuwepo anazipima, jioni ileile. Nikamwambia, baba, waite mafundi uwaonyeshe, watarudi. Akasema mtu aliyejisomesha usiku, humvui nguo mchana." Alichukua ufagio, akaanza kufagia mahali palipokuwa safi. "Mimi ningekuvua, baba Kalinga. Nakuambia ukweli. Ningekuvua hadi kofia."

"Ungekuwa na haki."

"Wangerudi wote. Yule Crispin angerudi." Alifagia kidogo tena. "Miaka ya mwisho alikuwa anafungua saa mbili asubuhi, anakaa hadi saa kumi na mbili jioni, hamna mtu. Anapima vitu. Anafunga karatasi. Nikipita kumchukua namkuta anaongea na makopo."

Sikuwa na neno hata moja la kujibu, mimi ambaye maneno sijawahi kuyakosa. Nilibeba kopo langu kifuani, nikamshukuru, nikaenda stendi. Nyuma yangu nilisikia magunia yakiburutwa.

Nyumbani niliketi mezani na karatasi nzuri. Nimeandika barua nyingi maishani, za ofisi, za vikao, za kuombea watu kazi, na watu hutoka mbali kuja kuniomba niwaandikie. Barua ile niliiandika, nikamsomea Kalista akiwa anachambua maharage.

"'Kufuatia tukio la mwaka 2016,'" nilisoma, "'ambapo kulijitokeza hitilafu ya kiufundi katika mpangilio wa vifaa, na hivyo kupelekea kutoelewana...'"

"Ngoja," alisema Kalista. "Hiyo hitilafu ilijitokeza yenyewe?"

"Ni namna ya kuandika."

"Ilipanda basi ikaja, ikaingia kwenye amplifaya?"

Nilichana. Niliandika ya pili, ambayo ilieleza kwa ukurasa na nusu tofauti kati ya transista za Ulaya na za Japani, na jinsi ambavyo hata wataalamu hukosea. Kalista aliisikiliza yote bila kuinua kichwa.

"Umemwandikia nani?" aliuliza. "Mwanafunzi?"

"Namweleza kilichotokea."

"Yeye anajua kilichotokea, baba Esther. Alikiandika kwenye karatasi akakufungia. Wewe ndiye hujamwambia." Alipuliza makapi kwenye ungo. "Na mtu mgonjwa hana muda wa ukurasa na nusu."

Nilitoka nje, nikazunguka nyumba. Kisha nilifanya jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko barua: nilimpigia Crispin, nikamwambia kwamba transista za Gwakisa zilikuwa nzima, kwamba nilizigeuza mimi, na kwamba nilikuwa nimelijua hilo kwa miaka minne.

"Mzee," alisema, "sisi tulikuamini wewe kuliko tulivyomwamini yeye."

"Najua."

"Kwa sababu umesoma."

"Najua, Crispin. Waambie na wengine."

Hakuniaga. Simu ilikatika. Niliingia ndani, nikaandika barua ya tatu, na hiyo ilitosha katika nusu ya karatasi:

*Ndugu yangu Gwakisa. Transista zako zilikuwa nzima. Nilizigeuza mimi. Uliniambia nisome karatasi, sikuisoma, nikakuita mwongo mbele ya watu. Karatasi nimeisoma mwaka 2021, nikanyamaza, na kunyamaza kule ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Kopo langu nimelipata. Uliandika nisiambiwe mbele ya watu. Mimi naomba barua hii Sekela aisome kwa sauti, na nyumba nzima wasikie, na majirani wakiwepo wasiondoke. Faustin Kalinga, ambaye ulimwita Msomi.*

Kalista alisikiliza. Alimaliza maharage, akainuka.

"Hiyo itume," alisema.

Asubuhi yake, Jumamosi, Sekela alinitumia ujumbe. Baba yake alikuwa na homa tangu jana, na usiku hakulala. Alinipa namba ya kaka yake, akasema kama barua ipo niitume leo kwa basi, nisingoje safari yake ya kesho. Nilichukua transista moja kutoka kwenye kopo, ndogo, ya aina ileile niliyoiunguza. Nilichana kipande cha karatasi, nikachora miguu mitatu, nikaandika majina chini yake kwa herufi kubwa, na chini ya kolekta nikapiga mistari miwili. Niliifunga kama yeye alivyokuwa akifunga, nikaitia ndani ya bahasha pamoja na barua, nikashuka hadi stendi kwenye basi la Madibira linalopita Mafinga.

Dada wa vifurushi aliipapasa bahasha yangu.

"Mzee wangu, umesema barua. Mbona ina kokoto?"

"Siyo kokoto."

"Inabidi nione. Tumeagizwa."

Niliifungua. Aliitoa ile transista, akaikunjua karatasi, akaigeuza huku na huku, akaiweka kiganjani. Miguu mitatu ilikuwa myembamba kama ya mbu.

"Sasa hiki ni nini?"

"Ni kifaa cha redio. Huu mguu ni emita, huu wa katikati ni kolekta, huu wa mwisho ni beisi."

"Kumbe. Na huyo anayepelekewa, akikiona tu hivi atajua?"

"Akikishika atajua," nilisema. "Yeye ndiye aliyenifundisha."

Aliifunga tena karatasi kwa uangalifu, kwa mkunjo uleule, akairudisha. Gundi ya bahasha ilikuwa imeshakauka, haikushika. Alinipa utepe wake wa kubandikia, nikaubandika mara mbili, nikaukandamiza kwa kidole gumba hadi pembe zikalala. Nikaandika jina la Gwakisa, na chini yake jina na namba ya simu ya mwanawe. Kondakta alikuwa ameshapanda, injini inanguruma. Dada alikimbia na bahasha, akamkabidhi dirishani, na kondakta akaitia katika mfuko wa shati lake, upande wa kushoto, akafunga kifungo.